Ubuntu Ikigoma Kusasisha: ya Kufanya na ya Kutogusa

Swali hili hunifikia kwa sura nyingi, lakini kiini chake ni kimoja. Mwenye saiba pale Samburu anasema mashine ilikuwa nzima jana, leo kila programu anayotaka kuweka inakataliwa. Mwanafunzi wa Msambweni alitaka printa tu, sasa hata Firefox haisasishiki. Mhasibu wa hoteli Diani anauliza kama aiformati laptopu aanze upya. Wote wameuona mstari huu:

`E: Unable to correct problems, you have held broken packages.`

Jibu fupi: usiformati. Jibu refu ndilo hili. (Nasema Samburu yetu ya Kwale, ile ya kando ya barabara kuu kati ya Mariakani na Mackinnon Road. Mliopo kaunti ya kaskazini pia karibuni, amri ni zile zile.)

Nitazungumzia Ubuntu, Linux Mint na Debian. Zote tatu hutumia apt, na ndizo ninazoulizwa zaidi tangu Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025 na watu wakaanza kuzihamisha laptopu zao za ex-UK. Wa Fedora watanisamehe.

Kwanza hakikisha ni mgongano kweli

Matatizo kadhaa hufanana na mgongano wa vifurushi, lakini siyo. Yaondoe kwanza, la sivyo utatibu ugonjwa usiokuwepo.

- Saa ya kompyuta. Laptopu ya mtumba ambayo kibetri chake cha saa kimekufa huwaka na tarehe ya miaka iliyopita. apt huona orodha za vifurushi zimetoka "siku zijazo", inazikataa na kuandika `is not valid yet`. Andika `date`. Ikiwa tarehe si ya leo, irekebishe, kisha ununue kibetri.
- Nafasi. Andika `df -h`. Kama `/` au `/boot` imefika asilimia 100, hakuna kitakachosakinishwa. Mara nyingi `sudo apt autoremove` huondoa kerneli za zamani na kukupa pumzi.
- Kufuli. `Could not get lock /var/lib/dpkg/lock-frontend` maana yake kuna programu nyingine inayosasisha wakati huo, hasa dakika chache baada ya kuwasha mashine. Ngoja imalize. Usifute faili la kufuli, hata kama jamaa wa YouTube amekuambia ufute.
- Stima ilipotea katikati. Utaambiwa `dpkg was interrupted`. Dawa ni `sudo dpkg --configure -a`, ikifuatiwa na `sudo apt --fix-broken install`. Wengi hupona hapa hapa.
- Mtandao. `Hash Sum mismatch` au `Mirror sync in progress?` huonyesha kwamba ulichopakua hakilingani na orodha. Aliyeisakinisha Ubuntu akachagua Kenya huwa anavuta kutoka `ke.archive.ubuntu.com`. Jaribu tena baada ya saa kadhaa, au badilisha anwani iwe `archive.ubuntu.com`.

Baada ya hapo, endesha `sudo apt update` mpaka pasiwe na mstari unaoanza na `E:`. Kama orodha zenyewe zina kasoro, kila utakachofanya baadaye kitakuwa cha kubahatisha.

Ule mstari wa `held broken packages` unapotosha

Unasema una vifurushi ulivyovizuia, yaani held. Endesha `apt-mark showhold` uone. Kwa wengi haitoki hata herufi moja, kwa sababu hawajazuia chochote. apt inachotaka kusema ni kwamba imetafuta njia ya kuridhisha masharti yote kwa pamoja, ikaikosa. Habari yenyewe iko mistari michache juu yake, mfano huu:

`libssl-dev : Depends: libssl3 (= 3.0.2-0ubuntu1) but 3.0.2-0ubuntu1.18 is to be installed`

Usome taratibu. Kifurushi `libssl-dev` kinataka `libssl3` ya toleo moja maalumu, hiyo hiyo bila kuongeza wala kupunguza; alama ya `=` ndiyo inayosema hivyo. Lakini kwenye mashine kuna `libssl3` mpya zaidi. Kwa hiyo umewahi kupata sasisho la usalama, halafu ghala lililolileta likazimwa, na sasa apt inaliona lile `libssl-dev` la siku Ubuntu 22.04 ilipotoka tu. Hakuna kilichoharibika. Washa tena `jammy-updates` na `jammy-security`, endesha `sudo apt update`, na mambo yatakaa sawa.

Fuata mnyororo hadi mwisho

Ujumbe wa kwanza si lazima uwe na chanzo. Utaambiwa A inaitaka B, na B "is not going to be installed", basi. Hakuna sababu. Hapa watu wengi hukata tamaa, ilhali kilichobaki ni kumuuliza B mwenyewe:

1. `sudo apt install A` inalalamika kuhusu B.
2. `sudo apt install A B`. Sasa inalalamika kuhusu C.
3. `sudo apt install A B C`. Endelea hivyo mpaka itokee sababu yenye namba ya toleo, au neno `Conflicts`, `Breaks` au `not installable`.

Hapo umefika kwenye mzizi. Kichukue hicho kifurushi cha mwisho, tuseme ni C, na uandike:

`apt policy C`

Kama utajifunza amri moja tu leo, iwe hii. Itakuonyesha mambo matatu: toleo lililopo kwenye mashine, toleo ambalo apt ingelichagua, na kila toleo limetoka ghala gani. Ukiona toleo lililopo lina anwani moja tu chini yake, `/var/lib/dpkg/status`, basi hakuna ghala lolote kati ya uliyonayo linalolijua. Kifurushi hicho kililetwa na mtu, au na ghala lililokwisha kuondoka. Huyo ndiye mshukiwa.

Ukitaka washukiwa wote kwa mkupuo, andika:

`apt list '?obsolete'`

Na kama hukumbuki nani aliweka nini na lini, fungua `/var/log/apt/history.log`. Saiba ikiwa na vijana kadhaa wanaopokezana zamu, faili hilo humaliza mabishano upesi.

Wanaoleta fujo

Kwa ninavyoona, apdeti yenyewe ni nadra kuwa na kosa. Kosa ni kuchanganya maghala yasiyotengenezwa yakae pamoja.

*PPA.* Ni maghala ya watu binafsi unayoongeza kwa `add-apt-repository`. Mengine ni mazuri sana. Tabu ni kwamba mengi huleta, pamoja na programu uliyoitaka, maktaba mpya kuliko za Ubuntu, na siku mwenye ghala akichoka unabaki nazo.

*Faili za .deb za kupakua.* Hasa dereva za printa na programu za ofisi zilizotengenezwa kwa Ubuntu ya zamani. Ukizilazimisha kwa `dpkg -i`, dpkg haileti utegemezi wake, inaziacha nusu. Tumia `sudo apt install ./jina.deb`, pamoja na hiyo nukta na mkwaju. apt itatafuta kinachokosekana, au itakataa kabla haijagusa kitu.

*Ghala la Kali ndani ya Ubuntu.* Vijana wa vyuo, hili ni lenu. Mmeona somo la usalama wa mitandao, mkaongeza ghala la Kali kwenye Ubuntu ili mpate programu zake. Usiku ule ule `apt upgrade` ikabadilisha `libc6`, maktaba inayotegemewa na karibu kila kitu kwenye mashine. Watu wa Debian huuita mchanganyiko wa namna hii FrankenDebian, na hawatanii. Ikiwa `libc6` imekwisha kubadilishwa, hiyo ndiyo hali pekee katika makala haya ambapo nakubali: hifadhi mafaili yako, sakinisha upya. Mnaoitaka Kali, iwekeni ndani ya mashine pepe.

*Toleo lililokwisha muda.* Matoleo ya Ubuntu ya katikati hudumu miezi 9 tu. Ubuntu 24.10, iliyotoka Oktoba 2024, ilikoma kuhudumiwa Julai 2025. Baada ya hapo vifurushi huhamishiwa `old-releases.ubuntu.com` na anwani za kawaida hurudisha 404. Kwa mashine ya kazi weka toleo la LTS, kama 22.04 au 24.04, usisumbuke na mengine.

Maelekezo ya zamani, Ubuntu mpya

Hili linawachanganya watu wa 24.04 kuliko jingine lolote. Unafuata maelekezo ya mwaka 2022, unaandika `sudo apt install libasound2`, unajibiwa `has no installation candidate`. Unadhani ghala limeharibika.

Halijaharibika. Katika 24.04 maktaba nyingi zilibadilishwa majina zikaongezewa `t64` mwishoni: `libasound2` ikawa `libasound2t64`, `libssl3` ikawa `libssl3t64`. Sababu ni tarehe 19 Januari 2038, siku ambayo mifumo inayohesabu sekunde kwa biti 32 itaishiwa na namba. Maktaba zikatengenezwa upya kwa biti 64, na majina yakabadilishwa ili za zamani na mpya zisichanganywe. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, imepita njia hiyo hiyo.

Basi:

- Amri ya zamani ikikataa jina, jaribu jina hilo na `t64`.
- Usipakue `libssl3` ya 22.04 ukaipachika kwenye 24.04. Huo sasa ndio mgongano wa kweli, na umeutengeneza mwenyewe.
- Programu inayodai `libssl1.1` ni ya zama za 20.04. Tafuta toleo lake jipya. Kuna wanaoiokota maktaba hiyo kwenye ghala la zamani, na hufanya kazi, lakini haipati tena viraka vya usalama. Kwenye mashine ambayo wateja wanaingizia nywila zao za eCitizen, mimi singethubutu.

"Kept back" si ugonjwa

Ukiona `The following packages have been kept back`, pumua. Tangu 2021 apt ya Ubuntu hufuata mgawanyo wa masasisho kwa awamu: asilimia fulani ya mashine leo, nyingine kesho, ili hitilafu ikitokea isiwakumbe wote. `apt policy` itakuonyesha neno `phased` na asilimia yake. Ngoja siku chache, zamu yako itafika.

Kama si awamu, huenda sasisho linahitaji kifurushi kingine kiondolewe, na `apt upgrade` haiondoi kitu. Hapo ndipo penye kazi ya `full-upgrade`, lakini ifanyie mazoezi kwanza:

`apt -s full-upgrade`

Hiyo `-s` huigiza tu bila kubadilisha chochote. Soma orodha chini ya `REMOVED`.

Kutatua, kwa utaratibu huu

1. Hifadhi mafaili ya kazi kwenye flashi. Wa Mint, piga picha ya mfumo kwa Timeshift, mnayo tayari.
2. Zima ghala la mshukiwa, isipokuwa PPA utakayoiondoa kwa hatua ya 4. Maghala hukaa kwenye `/etc/apt/sources.list.d/`. Faili za `.list` unaweka alama ya `#` mwanzoni mwa mstari, za `.sources` unaongeza mstari `Enabled: no`. Usifute, zima tu.
3. `sudo apt update`.
4. Kama ni PPA, sakinisha `ppa-purge`, kisha `sudo ppa-purge ppa:mwenye/ghala`. Unapotaka kutumia njia hii, iache PPA ikiwa imewashwa. Chombo chenyewe kitaizima na kurudisha vifurushi vyake kwenye matoleo ya Ubuntu.
5. Kama si PPA, rudisha toleo kwa mkono: `sudo apt install C=toleo`, ukinakili namba ya toleo kama ilivyo kwenye `apt policy`. Vifurushi vinavyoshikana virudishe kwa amri moja. Ukirudisha kimoja kimoja, kila kimoja kitakataa kwa sababu ya mwenzake.
6. `sudo apt --fix-broken install`, kisha `sudo apt upgrade`.
7. Ile programu iliyoanzisha yote, itafute upya kwa njia safi.

Mkihama toleo zima, kutoka 22.04 hadi 24.04, na `do-release-upgrade` ikasema haiwezi kukokotoa njia, soma `/var/log/dist-upgrade/apt.log`. Tafuta neno `Broken`. Kwa kawaida ni mabaki ya PPA, kwa hiyo unarudi hatua ya 4.

Amri zinazoumiza

Katika video iliyotoka Novemba 2021, Linus Sebastian, Mkanada mwenye wafuasi mamilioni kwenye YouTube, alijaribu kusakinisha Steam kwenye Pop!_OS. Siku hiyo kifurushi kilikuwa na hitilafu ya utegemezi. apt ikamwonya kwamba inakaribia kuondoa vitu vya msingi, ikamtaka aandike sentensi nzima: `Yes, do as I say!` Akaiandika. Menyu, madirisha, vyote vikaondoka, akabaki na skrini nyeusi yenye maandishi, mbele ya kamera. Baada ya hapo apt ilibadilishwa, sentensi ile peke yake haitoshi tena. Lakini njia za kujiumiza hazijaisha:

- Kubonyeza `Y` kabla ya kusoma `REMOVED`. Ukikuta humo `gnome-shell`, `cinnamon`, `network-manager` au `sudo`, jibu ni `n`, bila majadiliano.
- `dpkg --force-all` au `--force-depends`. Hazitatui mgongano, zinauficha, na apt itakataa kila kitu baadaye.
- `sudo apt install fuse` kwenye 22.04 au 24.04 ili AppImage ifunguke. Inaweza kuondoa `fuse3` pamoja na sehemu za skrini ya kazi. Unachohitaji ni `libfuse2` kwa 22.04, na `libfuse2t64` kwa 24.04.
- Kubadilisha `/usr/bin/python3` ielekee Python mpya. Zana kadhaa za mfumo zimeandikwa kwa Python ile ile iliyokuja na mfumo. Programu zako ziwekee mazingira yao: `python3 -m venv mradi`.

"Mbona nisitumie snap au Flatpak, niepuke haya yote?"

Kwa programu moja moja, ndiyo, tumia. Hubeba maktaba zao, hazigombani na mfumo. Ila zina uzito, na Flatpak ya kwanza huja na msingi wake ambao unaweza kupita MB mia kadhaa. Tena haziponyi apt iliyokwama. Kerneli na viraka vya usalama vitaendelea kupitia apt.

Bando dogo, mashine nyingi

Kando ya barabara kuu mtandao si mbaya. Ukiingia ndani, upande wa Silaloni na kuelekea Kinango, hadithi ni nyingine. Kabla ya kukubali, apt hukuambia `Need to get` MB ngapi. Linganisha na bando lako. Kupakua nusu ukaishiwa hakuharibu mfumo. Kinachoharibu ni kukatizwa wakati wa kusakinisha, basi vitenganishe:

- Kwenye mashine yenye mtandao: `sudo apt-get -d dist-upgrade`. Inapakua tu. Tumia `apt-get`, maana `apt` hufuta faili ikimaliza kusakinisha.
- Nakili `.deb` zote kutoka `/var/cache/apt/archives` kwenye flashi, uziweke folda hiyo hiyo kwenye mashine ya pili, yenye toleo lile lile la Ubuntu.
- Kwenye mashine ya pili endesha `sudo apt update`, kisha sasisha kama kawaida. apt itazikuta faili na kupakua zinazokosekana tu.

Usiende njia ya mkato ya `dpkg -i *.deb`. Ndiyo iliyoleta nusu ya barua ninazopata.

Shule au saiba yenye mashine nyingi, weka `apt-cacher-ng` kwenye moja wapo. Nyingine ziwekee faili `/etc/apt/apt.conf.d/01proxy` lenye mistari hii, ukibadilisha anwani iwe ya mashine hiyo:

`Acquire::http::Proxy "http://192.168.1.10:3142";`
`Acquire::https::Proxy "DIRECT";`

Kila kifurushi kitapakuliwa mara moja tu.

Wakati wa kutosasisha

Wenye saiba, mwisho wa kupeleka ritani za KRA za watu binafsi ni tarehe 30 Juni. Wiki ile yote msiguse `full-upgrade`. Fanyeni mwanzoni mwa Julai, asubuhi, laptopu ikiwa na chaji, na mashine moja kwanza. Ikitulia siku mbili ndipo zifuate nyingine.

Na ukikwama kabisa ukataka kuniuliza, nitumie haya kwa maandishi: matokeo ya `cat /etc/os-release`, amri uliyoandika, ujumbe wote kuanzia `The following packages` hadi `E:`, `apt policy` ya kifurushi cha mwisho kwenye mnyororo, na orodha ya `ls /etc/apt/sources.list.d/`.